Mlango Unaosoma Kosa

Nilipoomba kazi ya ukarani wa zahanati, walikuja kunibadilishia mlango, wakaweka unaosema. Ndiyo sheria: ukiwa uliwahi kufungwa na unataka kazi ya serikali, kila anayepiga hodi kwako husomewa kosa lako kwanza, kwa siku tisini.

Jirani yangu Bi Tausi akija kuomba chumvi, mlango unadakia kabla sijamkaribisha: "Mkazi wa humu, Sikujua Mbwilo, alimvunja askari wa jiji jino kwa mwiko. Alifungwa miezi sita."

Miaka kumi na tisa iliyopita! Na hausemi kwamba askari huyo alikuwa amemwaga barabarani sufuria la maharage ya mama yangu.

Bi Tausi akaacha kupiga hodi. Akawa anazungukia uani na kukohoa, nami nampitishia chumvi dirishani. Wengine wakaiga. Hata mama mzazi alikuwa anakohoa.

Jana afisa ajira akaja. Yeye hakupiga hodi. Alikuwa na ufunguo.

"Dada, umekosa kazi," akasema. "Mlango umerekodi hodi tatu tu. Mtumishi wa umma anatakiwa awe mtu wa watu."

"Si nyie mliowafukuza?"

"Mimi nasoma kilichorekodiwa, dada."

Alipoondoka nilitoka nje, nikaufunga mlango, nikasimama mbele yake kama mgeni.

"Hodi!" Ukasoma kosa langu. "Hodi!" Ukasoma tena. Majirani wakachungulia. "Rekodi na hiyo! Hodi!"

Mama, aliyekuwa anapika uani, akaja na mwiko mkononi, akasimama ubavuni pangu.

"Hodi," akasema.