Saa ya Tumbo Wazi

Kabla hakujapambazuka, kikombe cha bati kilichofudikizwa mezani kilikuwa kikitoa mlio mdogo: tik, tik, tik. Namuria alidhani ni mende. Alipokiinua akakuta saa ya mkono.

Ilikuwa ya mzee Hanad, Msomali wa Kakuma, aliyepita Lodwar jana mchana akaomba maji. Namuria alimpa chai. Naye, bila kuombwa, akamwingizia kuni ndani na kuukaza mlango uliokuwa ukining'inia tangu mvua za Aprili.

Saa yenyewe haikuwa na uso. Magurudumu yote yalionekana yakizunguka, kama mbuzi aliyepasuliwa tumbo.

"Ni ya wasafiri," mzee alikuwa amemwambia. "Zimetengenezwa kumi na mbili tu, dunia nzima. Na zote najua ziliko, mama."

Bei yake, alisema, ni ya lori pamoja na mzigo.

Namuria akaketi. Umri wake wote, hakuna mgeni aliyewahi kupoteza kitu nyumbani kwake. Sasa watu wangesema nini? Bibi wa Lodwar amekula saa ya mgeni. Na yule mzee je, si atakufa kwa mawazo? Namba ya simu hakuacha. Alichoacha ni maelezo marefu ya nyumba yake: mlango wa kijani, nyuma ya msikiti, hata kipofu hapotei.

Kwanza aliipeleka saa kwa jirani yake, mzee Emanikor, anayesoma matumbo ya mbuzi na kubashiri yaliyofichika. Tumbo likiwa wazi ni tumbo.

"Huyu amechinjwa lini?" akauliza Emanikor.

"Sijui. Nimemkuta hivi."

"Na bado anapumua." Akaigeuza saa kuelekea jua. "Miaka arobaini nasoma, sijaona utumbo unaokimbia. Ngoja kwanza. Mwenyewe namwona nyumbani kwake. Watu wamejaa. Wameketi tu, hakuna anayeongea."

"Ni matanga?"

"Matumbo hayasemi yote, Namuria. Lakini ningekuwa wewe, ningebeba sukari."

Akanunua kilo mbili, akaifunga saa kwenye pindo la leso. Dereva wa lori la mchele alimpa kiti cha mbele. Alipoambiwa kilichomo ndani ya leso kimepasuliwa na bado ki hai, akapunguza mwendo kwenye kila shimo hadi Kakuma, Mungu ambariki.

Mbele ya mlango wa kijani kulikuwa na viatu vingi. Namuria akashika kifua. Nasteho, mjukuu wa Hanad, akamfungulia bila kumuuliza jina, akampokea sukari.

Ndani watu waliketi mkekani kimya: mvuvi wa Kataboi, mkulima wa Katilu, mama mmoja aliyetoka mbali, Nadapal mpakani, na wengine. Kila mmoja alikuwa ameinamisha macho, na kifurushi kidogo mapajani.

"Ejok," akasalimu Namuria kwa sauti ya chini. "Poleni sana. Amefariki lini?"

"Nani?" akauliza mzee Hanad, akitokea jikoni na birika la chai.

Namuria alikaribia kuanguka. Mkulima wa Katilu akamshika mkono, akamkalisha polepole. Alipopata pumzi, akafungua leso.

"Mzee, uliisahau hii. Sijaipunguza kitu. Nimemwonyesha tu mtu wa matumbo."

Hanad akaipokea, akaigeuza nyuma na kusoma.

"Namba tisa. Ahsante, mama. Sogea hapo, karibu na namba nne."

Mvuvi akampisha, akafungua kifurushi chake kwa aibu. Tik, tik. Yule mama wa Nadapal akafungua chake. Kisha wengine wote, mpaka mkeka mzima ukawa unapumua, na Nasteho akapita katikati yao akigawa vikombe, akihesabu kwa furaha.

"Leo kumi na moja, babu. Bado mmoja tu."

Walikunywa chai ile mpaka jua likapinda, wakacheka kama watu wa ukoo mmoja. Wakati wa kuondoka, mzee Hanad alimsindikiza Namuria hadi barabarani, akamshika mkono wa kuagana na asiuachie.

"Uje tena kunitembelea, mama," akasema. "Ukikawia, nitapita kwako kuisahau saa tena."