Mila ya Kujificha

Karamu ilikuwa imepamba moto katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Point, ugenini, pondu ya majani ya muhogo na kuku vimeshagawiwa, na kwenye kiti cha bwana harusi palikaa mkoba wa mama mkwe.

"Mume wako iko wapi?" Mama Colette alimnong'oneza binti yake, huku akiwachekea wageni.

"Amejificha kwa rafiki yake Japhet, Mama. Ni mila yao."

Huguette hakuwa na wasiwasi hata chembe. Inal alikuwa Mshapsugi, wa kabila mojawapo la Wacherkesi, na tangu wachumbiane alikuwa amemsimulia yote: jinsi majeshi ya Urusi yalivyowafukuza mababu zake kwenye milima ya Bahari Nyeusi, jinsi wengi walivyofia majini, na waliosalia wakaanza upya Amman. Ardhi ilikwenda, mila zikabaki. Na kwa mila hizo bwana harusi haonekani kwenye harusi yake. Hukaa kwa rafiki mpaka sherehe iishe, kwa kuwaonea haya wazee. Huguette, aliyekimbia Bukavu akiwa mtoto, alilia kusikia hayo. Akampenda maradufu.

"Mwanaume wa kuona haya," alisema Tonton Doudou, mjomba wake, akiguguna mfupa. "Mie naona amekimbia. Twende tukamtoe."

"Mkimtoa mmeniaibisha, Tonton. Jumatatu tunatia sahihi cheti cha ndoa. Subirini tu."

Tena alikuwa na siri yake tamu. Harusi ya Kishapsugi bila mkubwa wa ukoo ni harusi gani? Basi alikuwa amemsaka shangazi yake Inal mtandaoni, akamwalika kimyakimya.

Mlango ukafunguliwa, akaingia bibi mwembamba, mgongo umenyooka, kitambaa cheupe kichwani. Huguette alimkimbilia, akampigia goti, akamwongoza mpaka mbele ya mama yake. Kisha akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima:

"Shangazi, waambie watu wangu. Kwenu bwana harusi hujificha, sivyo?"

"Hujificha," bibi akajibu. "Ndiyo mila yetu tangu enzi."

Mama Colette alishusha pumzi. Tonton Doudou akaweka mfupa chini, akaomba radhi mbele ya watu wote, na Huguette akajisikia fahari kuliko siku yoyote ya maisha yake.

"Hata kule Amman alijificha hivyo hivyo," shangazi akaendelea, macho yake yakizunguka ukumbini. "Mkewe bado anamngoja atoke."