Pumzi ya Kwanza

Kwanza niliona paka wetu akilala miguuni pa mdogo wangu, Atupele. Palikuwa na joto hapo.

Chujio jipya la mashine ya joto hushika pumzi ya kwanza inayolipuliza, na joto la nyumba humfuata mwenye pumzi hiyo kwa miezi mitatu, hadi libadilishwe. Kufungua mashine na kukung'uta vumbi ni kazi yangu.

"Mpe mwenzio apulize, Subilaga," Mama husema. "Wewe umezoea baridi."

Leo nilijificha jikoni na chujio jipya, nikalipuliza mimi kwanza.

"Dada, mbona lina unyevu?" Atupele aliuliza nilipompa.

"Ukungu tu. Puliza."

Jioni paka alinifuata mimi. Atupele akatetemeka, Mama akamkumbatia, akamfunika kwa kitenge chake.

Joto lote sasa ni langu, nami nawatazama. Mama, baridi sijawahi kuizoea.