Mkono wa Rehani

Zaituni alipotumwa kuhakiki kipimo cha maji kwenye mtambo wa zamani wa mji, hakujua kwamba angemkuta Rehani, aliyekuwa mumewe, ndiye msimamizi wa zamu. Walisalimiana kama wageni.

Kazi yenyewe ilitaka watu wawili. Kipimo kile hujua wingi wa maji kwa kulinganisha presha ya pande mbili, basi mmoja hutia presha kwa pampu ya mkono na mwenzake husoma. Enzi za uchumba wao waliifanya pamoja humu humu, Rehani akipampu huku akiimba chini kwa chini.

Rehani alifunga maji, akaunganisha mpira wa pampu, akaanza kupampu.

"Bado," alisema Zaituni, macho kwenye kioo cha kipimo. "Ongeza. Kidogo tena... hapo hapo!"

Mkono wa Rehani ukasimama papo hapo. Mafundi wote ambao Zaituni alifanya nao kazi tangu waachane walikuwa wakipitiliza namba aliyoitaka. Zaituni alijikuta akitabasamu, akainamisha uso.

"Sasa zisawazishe."

Rehani akafungua vali ya katikati. Presha za pande mbili zikalingana, na namba zikashuka taratibu hadi sifuri.

"Kiko sawa," alisema Zaituni, akabeba begi lake.

"Mama Hidaya," Rehani alimwita kwa jina la binti yao. "Chai ya tangawizi bado unakunywa?"

Zaituni alisimama mlangoni. Kisha akalitua begi kwenye sakafu ya saruji, na Rehani akafungulia maji, bomba zima likaanza kunguruma.