Molasi ya Marehemu Seigei

Haya alinisimulia mama mkwe wangu, tukikausha samaki, mwaka aliofariki. Yalimpata yeye mwenyewe usichanani.

Wamarekani walikuwa wameinunua Alaska yetu juzijuzi, wakapiga marufuku pombe. Hata molasi ilitaka kibali, maana tuliitumia kupikia pombe.

Mama mkwe akamwambia afisa wa forodha, "Bwana, mama yangu Seigei amefariki. Naomba molasi ya kumlisha." Sisi huwalisha wafu kwa kutia chakula motoni. Akapewa kopo zima, akaenda kupikia pombe.

Kesho yake afisa akaja kutoa pole, kofia mkononi, na kopo lake mwenyewe la molasi.

"Ni hapa kwa marehemu Seigei?"

Seigei mwenyewe alikuwa anaota moto. Akamtazama binti yake. Binti akatazama vidole vyake, vinanata bado.

"Ni hapa, bwana. Karibu," mama akajibu. Akachota molasi kijiko kimoja, akamimina motoni taratibu. "Kula, Seigei."

Afisa akainamisha kichwa, akaaga.

"Mama, nisamehe."

"Usinisemeshe. Wafu hawajibu."

Akageukia ukutani, akalala. Binti akabaki hapohapo alipokaa, mpaka naye usingizi ukamchukua.