Futi Nane

Asubuhi, wakichimba ule mfereji wa kupitishia meli, Ngwali alimtegea kaka yake kitendawili: "Kila nikikipunguza kinakua." Shambe alishindwa, ila hakutaka kutoa mji ili aambiwe jibu. "Subiri jioni," akasema.

Adhuhuri mvua ikapiga, kilima kikaporomoka, kikamfunika Ngwali na ndoo yake. Wenzao walitimua mbio. Shambe peke yake akasikia ndoo ikigongwa chini ya matope: ngo, ngo, ngo. Akashika jembe, akachimba kama mwenye wazimu.

Msimamizi akaja na ufito wake wa kupimia. Akauteremsha shimoni, akatumbua macho. "Futi nane, na saa tisa bado! Peke yako!"

"Bwana mkubwa, mdogo wangu yumo humu. Nipe watu wawili tu."

"Ngoja kwanza. Njooni nyote mwone!" Akawapanga wachimbaji kando ya shimo, akamnyang'anya Shambe jembe, akaliinua juu. "Kila siku mnanililia udongo mzito, udongo mzito. Kumbe uvivu! Kuanzia kesho, kila mtu futi nane."

"Umetumaliza wewe," mmoja akamsonya Shambe.

Ndoo ikagongwa mara moja, ikanyamaza.

Shambe akapiga magoti, akafukua kwa kucha. "Ngwali! Nimeshindwa, mdogo wangu. Nakupa mji. Chagua wowote!"

Akatega sikio kwenye matope. Juu yake, msimamizi alikuwa akichonga alama mpya kwenye ufito.