Chuya na Majina Yake

Kuchagua mchele kulimchosha Bi Rukia, basi akabuni mchezo na bintiye Salme: kila chuya ipewe jina la jirani na aibu yake, kisha itupwe uani.

"Huyu Bi Tatu, mchoyo wa chumvi!"

Salme akacheka.

"Na huyu Mwanaidi. Swala tano, na mume kamkimbia!"

Salme hakucheka. Mwanaidi alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani na bakuli la kunde za futari. Chuya ilikuwa imemwangukia miguuni.

Hapo ndipo Bi Rukia alipokumbuka kuwa amefunga.

Mwanaidi alitua bakuli, akaiokota chuya, akaipuliza vumbi, akaiweka kiganjani mwa mwenziwe.

"Saumu njema, shoga," akasema, akaenda zake.

"Mama, tuendelee?"

Kiganja cha Bi Rukia kilibaki wazi.